Kope Nyeupe Ukutani

Emilia hakuwahi kupita sokoni akiwa na vumbi. Hilo mtaa mzima wa Ipagala ungelishuhudia, hata mbele ya hakimu. Kila siku isipokuwa Jumapili alipanda kile kilima cha mawe kilicho nyuma ya nyumba za mwisho, akaketi, akanyoosha miguu, akagonga kokoto mpaka jua lilegee. Na kila jioni alishuka akiwa safi kama mtu anayetoka ibadani: uso umeoshwa, miguu imepakwa mafuta, kanga imefungwa vizuri kiunoni. Mgeni angekutana naye njiani angedhani ni mke wa mwinjilisti aliyekwenda kumtembelea mgonjwa. Nyundo hakushuka nayo. Aliifukia ndani ya fungu lake la kokoto, mahali anapopajua mwenyewe.

Wanawake wote wa kilimani walikuwa hivyo hivyo. Kila mmoja alipanda asubuhi na dumu lake la maji. Maji ya juu yalikuwa ya kunywa, ya chini yalikuwa ya kunawa, na mtu akinywa mpaka kuvuka nusu ya dumu wenzake walimkemea. Ndani ya kibanda chao cha viroba walifunga kamba upande ambao upepo hauleti vumbi, na kwenye kamba hiyo zilishinda kanga safi za kushukia, zimegeuzwa ndani nje. Jioni walikwenda nyuma ya jiwe kubwa, huyu akimmiminia yule. Aliyechelewa alisubiriwa. Aliyemwagikiwa maji alimegewa. Hakuna aliyeshuka mpaka wote wawe wamenawa. Nani aliuanza utaratibu huo, hakuna aliyejua. Emilia aliukuta.

Maana vumbi la mawe si vumbi la barabarani, la kujikung'uta ukaendelea na safari. Ni jeupe, laini, linaingia kwenye mikunjo ya vidole na kwenye nywele, na zaidi ya yote linakaa kwenye kope. Unaweza kunawa uso mara mbili na kope bado zikabaki nyeupe. Mwenye haraka hujulikana kwa kope zake.

Emilia alizaliwa upande wa Bahi, kwenye mtama na mbuzi, akasoma mpaka pale baba yake alipoona inatosha. Alikuja mjini na mumewe, Joshua, baada ya mvua kuwakimbia misimu miwili mfululizo. Joshua akawa mchoma mwamba. Aliwasha moto mkubwa juu ya jiwe, jiwe likishika joto akalimwagia maji, likapasuka kwa kishindo, kisha akalibandua kwa mtalimbo. Vipande alivyovibandua ndivyo Emilia alivyovigonga. Joshua alipofariki, binti yao Anitha akiwa bado anabebwa mgongoni, watu walidhani mjane atarudi kwao Bahi. Hakurudi. Mchoma mwamba mwingine alikuja, na Emilia akaendelea kugonga. Kokoto zake zilipanda malori, zikaenda kuzikwa kwenye misingi ya nyumba, kwenye nguzo za majengo, kwenye mifereji ya barabara mpya. Serikali ilipohamia Dodoma na kila kiwanja kikaanza kuota nyumba, malori yalifuatana mpaka wagongaji wakakosa hata nafasi ya kuimba.

Lakini Anitha hakuruhusiwa kukanyaga kilimani. Watoto wa wenzake walipanda, walichezea mafungu, walileta chakula. Anitha hapana.

"Kipande kikiruka kitakutoa jicho," Emilia alimwambia. "Ukiona nimechelewa, kaa mlangoni uningoje. Ukiona nimechelewa sana, nenda kwa jirani. Kilimani usije."

Na macho ya mtoto aliyalinda kweli. Alikuwa mama wa kuhesabu pumzi za mwanawe akilala. Mtoto akikohoa, yeye yuko macho. Mtoto akinyamaza, yeye yuko macho zaidi.

Siku moja tu mambo yalimponyoka. Anitha alikuwa darasa la tano. Mwalimu alituma watoto wakimbie kilimani: Anitha ameanguka, mwili wake ni moto. Emilia alitupa nyundo, akashuka kama alivyokuwa. Dumu aliliacha, kanga safi aliiacha kwenye kamba. Alipoingia uwanja wa shule ilikuwa mapumziko, na watoto walipomwona walicheka, kama watoto wanavyocheka. "Kope za unga! Mama Anitha kaanguka kwenye gunia la unga!" Mwalimu aliwanyamazisha, lakini kicheko kilikwisha kutoka. Emilia alimbeba mwanawe mgongoni mpaka zahanati bila kugeuka nyuma.

Mtoto alipona. Kicheko hakikupona. Emilia aliamini kwamba siku ile alimwaibisha mwanawe mbele ya shule nzima, na akajiapiza kuwa hakuna mtu atakayemwona tena na kope nyeupe, Anitha kuliko wote. Tangu hapo ndiye aliyenawa mwisho kuliko wenzake wote pale nyuma ya jiwe, na ndiye aliyewachelewesha.

Anitha alimaliza shule, akajifunza kuchora mabango kwa Amiri, fundi aliyetoka Kolo, ambaye kila akisifiwa alijibu kwamba kwao watu walianza kuchora kwenye mawe kabla dunia haijawa na brashi. Msichana akamzidi fundi. Alichora saluni, akachora magenge. Kwenye bucha la njia panda alichora ng'ombe mnene, mwenye ngozi ya kung'aa, hata mwenye bucha akalalamika kwamba wateja wanamwuliza mbona nyama ya ndani haifanani na ya nje. Emilia alijifanya hapiti upande ule, lakini alipita. Alisimama mbali, akamtazama yule ng'ombe, akajichekea, akaenda zake.

Ndipo ukatokea ukuta wa soko.

Ulikuwa ukuta mrefu, umepigwa plasta upya, unatazamana na kijiwe cha bodaboda, kila anayekwenda mjini lazima auone. Kamati ya soko ilitaka uchorwe kazi ya watu wa pale. Mwenyekiti alikuwa Mzee Abdulrazaki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wazee wake walifika Dodoma na misafara ya biashara na hawakuona sababu ya kuendelea na safari. Wengine walitaka zabibu.

"Zabibu zimechorwa kila mahali," akasema Mzee Abdulrazaki. "Hata mlango wa choo cha kulipia una zabibu. Mimi nauza saruji miaka yote hii. Saruji bila kokoto ni uji. Wachorwe wale akina mama wa kilimani."

Kazi akapewa Anitha. Sharti lilikuwa moja: wenye kazi yao waridhie kuchorwa, sura zao zionekane, asije mtu akalalamika baadaye. Wasiporidhia, ukuta angepewa mtu wa matangazo ya sabuni, ambaye alikwisha kuja kuupima kwa hatua zake.

Habari ilipofika kilimani nyundo zilisimama zote kwa pamoja.

"Tuchorwe sisi?" akauliza Anastazia, mkubwa wao. "Na mkwe wangu anauza nyanya pale pale mbele ya ukuta? Thubutu!"

"Mkwe wako akikuona ukutani atakuogopa zaidi, itakusaidia," akasema Sikuzani.

Sikuzani ndiye aliyekaa karibu na Emilia miaka yote, fungu kwa fungu. Mdomo wake haukuwa na mlango. Alizungusha kata yake ya mpira wa tairi, ile ambayo mgongaji huiweka chini, akaweka jiwe katikati yake ili lisikimbie wala nyundo isile vidole, akagonga mara moja, kisha akamgeukia Emilia.

"Mwenzetu mbona kimya? Mchoraji si mwanao?"

"Nimesikia," akasema Emilia.

"Umesikia nini? Wewe unakubali?"

"Nitaangalia."

"Uangalie nini tena? Ni ng'ombe yule wa buchani? Sikiliza, mama Anitha, na nyinyi wengine msikie. Mwenye mtoto atangulie. Yeye akiweka sura yake mbele, sisi sote tunajipanga nyuma yake. Akijificha, nami najificha, na kila mtu hapa ajifiche. Wallahi siwezi kubandikwa ukutani mimi huku mama wa mchoraji anachungulia nyuma ya fungu."

Wote wakasema ni sawa. Emilia aliinama, akagonga jiwe ambalo lilikwisha kuwa kokoto.

Kwa hiyo ukuta wa Anitha ulikuwa mikononi mwa mama yake, na mama yake alijua. Alilijua pia jibu lake, nalo lilikuwa hapana. Angewezaje kumwomba mwanawe achore kila mtu asimchore yeye? Na angewezaje kukubali kukaa pale ukutani mchana na usiku, na kope zile, Anitha akipita kila siku chini ya kicheko kile kile?

Jioni hiyo, baada ya kunawa vizuri, alipitia sokoni aone ukuta. Anitha alikuwa ameondoka. Alikuwa ameanza kuweka mistari kwa mkaa, ili kamati ipate kuona mpango. Kulikuwa na mafungu, kibanda, na mistari ya watu waliokaa bila nyuso. Lakini katikati, mkubwa kuliko wote, alikaa mwanamke mmoja aliyekwisha kupewa uso. Macho yametazama chini kwenye jiwe. Na kwenye kope, palepale kwenye kope, Anitha alikuwa amepitisha chaki nyeupe.

Emilia aligeuka, akaelekea nyumbani moja kwa moja.

Nyumbani alimkuta Anitha akichochea maharage. Hakuvua viatu.

"Nani amekuonyesha?"

"Shikamoo, mama. Amenionyesha nini?"

"Marahaba. Kope. Nani kati ya wale amekwambia kope zinakuwa vile? Ni Sikuzani?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeziona mwenyewe."

"Wapi? Hujawahi kupanda kule."

Anitha aliweka mwiko chini. "Siku ile niliyougua shuleni. Ulinibeba mgongoni. Nilikuwa nimeweka kidevu begani kwako, nikakuangalia usoni kwa pembeni, nikaona kope zako nyeupe pe. Nikadhani umezeeka siku ile ile, kwa ajili yangu. Nikaanza kulia."

"Ulikuwa unalia kichwa kinakuuma."

"Kilikuwa kinauma, lakini nilikuwa nakulilia wewe. Halafu kule zahanati jasho likakushuka, nikaona weupe unaondoka kidogo kidogo, chini yake kope nyeusi, zile zile zako. Nilifurahi mama, mpaka homa ikashuka."

"Homa ilishushwa na sindano."

"Basi sindano." Anitha alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ndiyo siku pekee niliyokuona ulivyo kazini. Siku nyingine zote nimemwona mama anayerudi. Sasa nimepewa ukuta mzima, nichore nini kingine?"

Emilia alikaa kwenye kigoda. "Wenzako walinicheka siku ile," akasema polepole. "Shule nzima. Nilikutia aibu."

"Nani alicheka?"

"Wote. Kope za unga, walisema."

"Mimi sikusikia mtu," akasema Anitha. "Nilikuwa mgongoni kwako."

Maharage yaliungua kidogo chini. Waliyala hivyo hivyo.

Kesho yake Emilia alipanda kilimani mapema kuliko kawaida. Wenzake walipofika walimkuta amekwisha kuchimbua nyundo, amekaa juu ya kiroba chake, na hakusubiri kuulizwa.

"Mnichore mbele," akasema. "Yaani, anichore. Na vumbi langu."

"Na vumbi?" Anastazia alishtuka. "Sisi tulidhani tukikubali tutavaa vitenge vya Pasaka!"

"Nani anagonga kokoto na kitenge cha Pasaka?" akauliza Sikuzani. "Watu watasema ni harusi, bibi harusi hajafika."

"Afadhali waseme harusi. Tukichorwa na vumbi watadhani ndivyo tunavyolala. Watoto wa watu wanapita pale."

Hapo walibishana kweli. Anastazia hakuwa na kosa, na Emilia alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana hofu ile ya Anastazia ilikuwa yake mwenyewe mpaka jana. Aliwaacha waseme. Kisha akainua nyundo akaielekeza kibandani, kwenye ile kamba, ambako kanga zilianza kujaa, moja moja, kama kila asubuhi.

"Azichore na zile," akasema. "Sisi tukae na vumbi letu, na nyuma yetu nguo zetu zining'inie. Kila kanga na mwenyewe. Atakayetazama atajua tunashuka vipi."

Anastazia aliitafuta kanga yake kwa macho pale kwenye kamba.

"Yangu ina maua ya njano," akasema. "Mwambie asije akanipa ya mtu mwingine."

Jioni ile, wenzake walipochukua madumu kwenda nyuma ya jiwe, Emilia hakuinuka na dumu. Alijifuta mikono, akaifukia nyundo, akaitoa kanga yake ya bluu kwenye kamba, lakini hakujifunga. Aliikunja akaiweka kwapani.

"Maji yamekuishia?" Sikuzani akamwuliza. "Njoo nikumegee."

"Ninayo."

"Sasa?"

"Anitha anaweka rangi za uso leo. Hizi kope amezikumbuka toka darasa la tano. Nataka azione vizuri."

Sikuzani alimtazama toka kichwani mpaka miguuni. "Utapita sokoni hivyo? Wewe? Mtu anayetuchelewesha kila siku kwa kusugua nyuma ya masikio?"

"Hivi hivi."

"Utachekwa peke yako au unataka wa kuchekwa naye?" Sikuzani aliliweka dumu lake chini. Mwingine akaliweka lake. Wengine walisita, wakanawa nusu nusu. Anastazia alinawa vizuri kabisa, kwa ajili ya mkwe wake, kisha akabeba madumu mawili yaliyojaa. "Nitawanawisha huko huko," akasema, "msije mkaingia majumbani mwa watu hivyo." Na kwa kuwa hakuna aliyezoea kushuka kabla wenzake hawajawa tayari, walisubiriana, wakashuka wote, wachafu kwa wasafi.

Pale sokoni wauza nyanya waliacha kupanga nyanya zao, wakawatazama. Kijana mmoja wa bodaboda, anayemjua Emilia tangu utotoni, hakuweza kujizuia.

"Mama Anitha! Leo maji yamekatika?"

Emilia alisikia damu ikipanda masikioni, kama siku ile uwanjani. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kufika chini ya ukuta.

"Yapo, mwanangu," akasema. "Nimekuja kuchorwa."

Anitha alikuwa juu ya ngazi, brashi mdomoni. Aligeuka. Alipomwona mama yake alianza kushuka kwa haraka, akiruka vidato, na Emilia akasahau kope, akasahau soko zima.

"Taratibu! Huoni ngazi inacheza? Nani ameifunga hii ngazi? Wewe kijana, badala ya kuuliza habari za maji, njoo ushike ngazi!"

Kijana akaja akashika. Anitha alifika chini, akamshika mama yake kidevu, akaugeuzia uso wake upande wa jua linalozama, akaukinga mwanga kwa mkono na kuuachia tena mpaka aliporidhika. Emilia alikaa chini, akanyoosha miguu kama kazini. Sikuzani akakaa pembeni yake akiuliza kama anaweza kupunguziwa kidogo kiuno. Mzee Abdulrazaki alitoka dukani kwake, akasimama mlangoni, mikono nyuma, akatazama mpaka alipoitwa kwenda kuswali. Mtu wa matangazo ya sabuni hakuonekana tena.

Anastazia aliwanawisha pale pale, mbele ya nyanya za mkwe wake, na mkwe wake ndiye aliyeleta kata ya kuchotea.

Ukuta umekwisha sasa, na Emilia anaupita kila jioni, safi kama zamani, mafuta miguuni. Hasimami. Wenye watoto tunajua jinsi mtu anavyoweza kutazama bila kusimama. Lakini juzi watoto wa shule walikuwa wamejazana pale, wakigusa miguu ya wale wanawake waliochorwa wakubwa kuliko watu, na mmoja wao, binti mdogo mwenye begi kubwa mgongoni, akageuka, akamwona, akautazama ukuta, akamtazama tena.

"Shikamoo bibi. Yule ni wewe? Yule mwenye kope nyeupe?"

Emilia alisimama.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni mimi," akasema. "Na ile kanga ya bluu, ile ya kwanza kwenye kamba, unaiona? Nayo ni yangu."